Kuovakloki prosesa bila kuimaliza LUKU

Hapa Itaka na kule Tunduma vijana wengi wanataka kuongeza spidi ya prosesa, yaani kuovakloki, ili gemu lisikwame au video imalizike mapema. Swali linalofuata siku zote ni LUKU. Spidi na umeme vinaweza kukaa pamoja, ila si kwa njia wanayofundishana wengi.

Tuanze na hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sawa na spidi, lakini volti ikiongezeka unapanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa ya wati 65, gigahezi 3.0 kwa volti 1.25. Ipeleke 3.6 kwa volti 1.40. Spidi imeongezeka asilimia 20, umeme kama asilimia 50! Umefika karibu wati 98. Hizo 33 za ziada, pamoja na zinazopotea ndani ya pawa saplai, ni kama 44 pale ukutani. Mashine ikipiga kazi nzito saa 10 kila siku, kwa mwezi ni yuniti 13 na ushee. Kwa bei za EWURA za 2016, T1 ilikuwa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi, kwa hiyo ni karibu 3,900 kwa mashine moja. Mwenye kafe ya mashine 5 azidishe mwenyewe. Aliye nyumbani kwenye D1 ndiye anaumia zaidi: bei zile zile zilimpa yuniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100, zinazozidi kwa 350.

Ujanja uko hapa: pandisha spidi, volti usiiguse. Pentium E2160 ya 2007 ni mfano mzuri. Kizidishi chake ni 9, FSB 200, unapata 1.8. Weka FSB 266 inakuwa 2.4, na nyingi zilikubali kwa volti ya kiwandani. Hapo umeme unapanda theluthi tu, sawasawa na spidi uliyopata.

Halafu acha SpeedStep na C1E viwe vimewashwa (kwa AMD ni Cool'n'Quiet). Miongozo mingi ya zamani inasema uvizime, na ndipo hela inapovujia. Vikiwashwa, mtu akisoma tu imeili kizidishi cha E2160 kinashuka hadi 6, yaani 1.6. Na tuseme ukweli, mashine ya kafe muda mwingi inasubiri mtu aandike. Ila angalia: madabodi nyingi za wakati ule, ukiandika volti kwa mkono, hazishushi tena. Nyingine ukiziachia otomatiki zinaongeza volti kimyakimya. Ikague kwa CPU-Z, kisha iendeshe Prime95 kwa saa kadhaa. Joto likipita nyuzi 75 mimi narudi nyuma. Baridi ya Mbozi inasaidia usiku, lakini vumbi la kiangazi linaziba hitisinki haraka, kwa hiyo puliza kwanza ndio upime. Usipuuze kipimo hiki, maana prosesa isiyotulia inaharibu mafaili bila kukuambia.

Wenye Dell OptiPlex za mtumba msihangaike. BIOS yake haina sehemu ya kuovakloki, na tangu 2011 Intel za kawaida zimefungwa kizidishi, zilizo wazi ni hasa zenye herufi K. Nyie nendeni upande wa pili: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kiwekeni asilimia 99. Turbo inazima, joto linashuka, na kwenye intaneti tofauti huioni.

Na kama bado una monita ya kichogo ya inchi 17, hiyo inakula wati 70 hivi. LCD ya ukubwa huo ni kama nusu yake. Ukibadilisha, wati ulizookoa zinatosha kufidia umeme wa ziada wa ile E2160 iliyoongezwa spidi.