Kulinganisha si kuoanisha

Ofisini maneno haya mawili hubadilishana viti ovyo. Tuseme fundi wa kompyuta ana folda mbili za kurasa za kitabu: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya akiba. Kurasa kadhaa hazionekani. Akisema "ngoja nizioanishe", mimi nashtuka.

Kulinganisha ni kutazama kipi kipo huku na kule hakipo, bila kugusa kitu. Katika Linux hiyo ni kazi ya diff, programu iliyozaliwa Bell Labs miaka ya 1970. Andika diff -rq na majina ya folda zote mbili, nayo itataja kila faili lisilo na mwenzake, pamoja na yale yenye jina moja lakini yaliyomo tofauti.

Kuoanisha ni kuzifanya zifanane. Hapo ndipo programu ya rsync inapoingia, na ukiielekeza kutoka kompyuta kwenda akiba kwa --delete, faili lililosalia kwenye akiba pekee linafutwa: lile lile ulilokuwa ukilitafuta! Wenye hadhari hutanguliza -n, ijaribu tu.