Mawasiliano ya mashine kiwandani

Mawasiliano ya mashine kiwandani ni upitishaji wa vipimo, amri na taarifa za hali kati ya mitambo ya uzalishaji, vidhibiti vyake na programu za kompyuta zinazoisimamia. Chini kabisa zipo sensa, mota na vali. Juu yake kipo kidhibiti kinachoprogramiwa, ambacho mafundi hukiita PLC, na juu zaidi skrini za waendeshaji, hifadhidata na programu za kupanga uzalishaji. Waya wa kuviunganisha ulipatikana mapema. Kilichochelewa ni maana: namba ikishafika upande wa pili, nani anajua ni ya nini?

Kabla ya kompyuta kila kipimo kilikuwa na waya wake. Mfumo wa mkondo wa miliampea 4 hadi 20, ambao bado umejaa viwandani, unaonyesha umakini wa wahandisi wa zamani: sifuri ya kipimo ni miliampea 4. Tangi likiwa tupu waya unabeba 4. Waya ukikatika unabeba 0, na fundi anajua papo hapo kwamba kasoro iko kwenye waya na tangi halina neno. Busara hiyo ilisahaulika baadaye. Zipo skrini za kidijitali ambazo huendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kwa utulivu kabisa, saa nzima baada ya waya kukatika.

PLC ilizaliwa Marekani. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha General Motors, kilichotengeneza giaboksi za otomatiki, kilitafuta kitu cha kuondoa makabati ya rilei, ambayo nyaya zake zililazimika kufungwa upya kila modeli ya gari ilipobadilika. Kampuni ya Bedford Associates, alikokuwa Dick Morley, ilikuja na kifaa kilichoitwa 084 kwa sababu kilikuwa mradi wake wa 84. Kampuni iliyoundwa kukiuza ikaitwa Modicon, na ndiyo iliyotoa itifaki ya Modbus mwaka 1979.

Modbus inaendeshwa kama darasa la mwalimu mkali: mmoja huuliza, wengine hujibu wakiitwa kwa namba zao, kuanzia 1 hadi 247, na hakuna anayefungua mdomo bila kuulizwa. Pande hizo mbili ziliitwa kwa Kiingereza bwana na mtumwa hadi mwaka 2020, taasisi inayoisimamia Modbus ilipoamua kuziita mteja na seva; kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mabadiliko hayo hayahitaji maelezo. Anayeulizwa hujibu kwa yaliyomo kwenye rejista, yaani kisanduku cha biti 16 kinachobeba namba kati ya 0 na 65,535. Basi. Hakuna jina, hakuna kizio, hakuna nukta ya desimali.

Hapo ndipo usiku wa mafundi unapoishia. Rejista ikisema 235, yaweza kuwa nyuzi 23.5 za joto, volti 235 au idadi ya chupa. Chumba cha baridi kikishuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, programu isiyotambua namba hasi itasoma 65,531. Namba kubwa, kama jumla ya umeme uliotumika, hugawanywa katika rejista mbili, na kanuni za Modbus hazikusema ipi itangulie: mtengenezaji mmoja huanza na nusu ya juu, mwingine na ya chini, hata mita ya kiwanda cha mikate ikaonyesha matumizi ya mji mzima. Maana yote imo kwenye kijitabu cha mtengenezaji, na kijitabu chenyewe mara nyingi kimeondoka na fundi aliyeacha kazi. Pamoja na hayo Modbus haijafa. Ni nyepesi, haina ada ya leseni, na inveta nyingi za umeme wa jua na mita zinazofungwa leo Nairobi na Dar es Salaam bado zinaitumia.

General Motors ilijaribu kulazimisha lugha moja kwa wauzaji wake wote. Itifaki yake, MAP, ilionyeshwa hadharani Las Vegas mwaka 1984. Iliikwepa Etheneti, ambayo wakati ule iliruhusu vifaa kugongana vikisema kwa pamoja, kisha kila kimoja kujaribu tena baada ya muda wa kubahatisha. Badala yake vifaa vilipokezana kijiti, ili ijulikane mapema ujumbe utachelewa mwisho wake kiasi gani. Ilikuwa ghali na nzito, na watu wakaiacha. Sehemu yake moja ilipona: MMS, lugha ya kutaja vitu vya mtambo na hali zake kwa majina, ambayo leo imo ndani ya kiwango cha IEC 61850 cha vituo vya kupozea umeme. Wazo la maana lilidumu kuliko nyaya zilizolibeba.

Ulaya nako itifaki zilitofautiana: Ujerumani ilikuwa na Profibus, Ufaransa WorldFIP, Denmark P-NET. Baada ya mabishano ya miaka zaidi ya kumi, kiwango cha kimataifa cha IEC 61158 kilipitishwa mwishoni mwa 1999 kikiwa na aina 8 zisizoelewana. Ni suluhu ya kisiasa zaidi kuliko ya kihandisi.

Wakati huo wenye programu walikuwa na dhiki yao. Kiwanda chenye programu 5 na aina 20 za mashine kilihitaji draiva, yaani programu za kuzungumza na mashine, 100 tofauti, kila moja ikiwa na kasoro zake. Mwaka 1996 kampuni kadhaa zilitoa OPC, mkalimani wa kati: kila mashine ikapata seva moja na kila programu mlango mmoja, na 100 zikawa 25. OPC pia iliambatanisha kila kipimo na saa yake na alama ya ubora, yaani kama kinaaminika au la. Miliampea 4 zilikuwa zimerudi kwa sura nyingine. Udhaifu wake ulikuwa kutegemea teknolojia ya Microsoft ndani ya Windows. Mwaka 2004 toleo la pili la marekebisho ya Windows XP lilipobana ulinzi wa mtandao, mifumo mingi ya OPC ilinyamaza hadi ilipopangwa upya.

Mrithi wake, OPC UA, alikamilika kiasi cha kutumika kufikia 2008 na anafanya kazi bila Windows. Mashine yenyewe hujieleza: hili ni joto la pipa la kuyeyushia, kizio chake ni selsiasi, hapa waruhusiwa kusoma tu. Vyama vya watengenezaji vimeandika kamusi za ziada juu yake. EUROMAP 77, kwa mfano, hutaja vitu vya mashine za kufinyanga plastiki kwa majina yaleyale bila kujali nani ameziunda. Bei ya ufasaha huo ni uzito. Maelezo yake ni marefu mno, na kifaa kidogo cha bei nafuu hakiyawezi yote.

Njia nyepesi ilitoka kwenye mafuta. MQTT iliandikwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper ili kufuatilia bomba la mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Badala ya kuulizwa kila sekunde, kifaa hupeleka habari kwa dalali kikiwa nayo, na dalali humpa kila aliyejiandikisha. Lakini MQTT haikusema kilichomo ndani ya bahasha, na tatizo la kijitabu likarejea. Sparkplug, iliyotolewa 2016, ilipangia ujumbe muundo na majina.

Kuhusu usalama, Modbus ya awali haina nywila: aliyeufikia mtandao anaweza kuamuru. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashinepewa za kurutubisha urani huko Natanz nchini Iran, kilienda mbali zaidi. Kilijiweka kati ya vidhibiti vya Siemens na watu, kikizungusha mitambo kwa kasi ya kuiharibu huku kikiwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla. Tangu hapo saini za kidijitali na usimbaji fiche, ambavyo OPC UA inavyo, vimeacha kuwa anasa.

Kwenye kiwanda kikuukuu kazi ya kuboresha huanza chini sana kuliko wauzaji wa programu wanavyopenda. Waya wa RS-485, unaotumiwa sana na Modbus, hufika takriban mita 1,200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida; vifaa vipangwe kwa mstari kama shanga, ncha zote mbili zifungwe kizuizi cha omu 120, na waya usilazwe sambamba na nyaya za mota. Kisha orodha ya majina: pampu moja ikiitwa P1 kwenye PLC, PUMP_A kwenye skrini na jina la tatu kwenye hifadhidata, hakuna itifaki itakayoyaunganisha majina hayo. Mwisho saa. Mashine mbili zikipishana dakika saba, kumbukumbu zitaonyesha chupa imezibwa kabla haijajazwa.