ARDHI YA JAMAA, WANYAMA WA PORINI NA URITHI WA WATOTO WETU



Katika taarifa ya mwaka huu imeonekana vyema kuandika machache juu ya ardhi, kwani hapana jambo litenganishalo ndugu upesi kama shamba lililoachwa bila maandishi.

Zamani za wazee wetu Wadigo, mtu alihesabiwa kwa fuko lake, yaani ukoo wa kuukeni, naye akarithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Uislamu ulipoenea, urithi ukaelekea kwa wana, na mashindano ya wana na wapwa yakadumu miaka mingi. Lakini msitu wa kaya haukugawanywa. Haukuwa na mwenyewe mmoja, basi hapakuwa na mmoja wa kuuza. Kaya Kinondo, huko Diani, ilisimama hivyo hata Serikali ikaitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, kisha ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mashamba yalikuwa na historia nyingine. Sheria ya mwaka 1968 ilifungua njia ya ardhi kupimwa na kila mtu kuandikiwa haki yake. Hati ni ngao njema, lakini shamba lenye hati laweza kuuzwa siku moja, na ndovu hajui kusoma mpaka.

Wenzetu wa Golini na Mwaluganje, Waduruma na Wadigo, waliyaona hayo. Mashamba yao yalikuwa katika njia ya ndovu, kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, na mahindi yao yakaliwa kila msimu. Basi wakapatana: kila jamaa ibaki na haki ya ardhi yake, lakini mashamba yaunganishwe yawe makao ya wanyama, na fedha za wageni zigawanywe kwa hisa. Hifadhi hiyo ilifunguliwa mwaka 1995.

Haikuwa njia isiyo na miiba. Machafuko ya Likoni ya mwaka 1997 yaliwafukuza watalii pwani nzima, na mwenye kutegemea mgeni hula mgeni akija. Ndovu nao walizidi, hata mwaka 2005 kiasi cha 150 wakahamishiwa Tsavo Mashariki.

Sisi wa Lunga Lunga twajifunza nini? Kwanza, yawezekana kuunganisha matumizi ya ardhi bila kutupa milki. Pili, jamaa isiweke chakula chake chote katika chungu kimoja; pori libaki, na shamba na mifugo vibaki. Tatu, ardhi ya pamoja iandikishwe kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na kila mzee aketi na jamaa yake angali hai, mabinti wakiwapo, kwani nao wana fungu lao.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kaya ililindwa kwa kiapo. Shamba la leo litalindwa kwa mapatano yaliyoandikwa. Tusipoandika sisi, wataandika wanunuzi.