Nili ya Bengal na Deni Lisilokwisha

Katika madarasa ya siasa swali hili huulizwa karibu kila mara: Waingereza wachache waliwezaje kuwatawala mamilioni ya Wahindi kwa muda wa karibu miaka 200? Wanasemina wengi hujibu upesi: "Kwa bunduki." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Bunduki ilishinda pale Plassey mwaka 1757. Kazi iliyofuata ilikuwa ya daftari. Mwaka 1765 Kampuni ya India Mashariki ilijipatia haki ya kukusanya kodi katika Bengal, Bihar na Orissa. Mwaka 1793 ikawafanya mazamindari, waliokuwa watoza kodi, kuwa wenye ardhi. Wakulima walioilima ardhi hiyo tangu enzi za mababu zao wakageuzwa wapangaji. Ndivyo mkoloni alivyojipatia kwa sheria tabaka la makabaila la kumtumikia.

Lakini unyonyaji ulionekana wazi zaidi katika kilimo cha nili. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilihitaji rangi ya buluu, na masetla wa Kizungu wakaingia vijijini kuitafuta. Wengi wao hawakununua mashamba makubwa wala kuajiri vibarua. Kufanya hivyo kungewagharimu. Walimpa mkulima fedha kidogo kabla ya msimu, wakamtia saini au dole gumba katika mkataba. Waswahili huiita fedha ya namna hiyo arubuni, na sidhani ni bahati tu kwamba neno hilo liko karibu sana na kurubuni. Kuanzia hapo mkulima alilazimika kupanda nili katika sehemu iliyo bora ya shamba lake, pale pale alipotaka kupanda mpunga wa kulisha watoto wake. Nili huchosha udongo. Wakati wa mavuno setla ndiye aliyepima matita, akapanga bei, kisha akakata gharama za mbegu na za usafirishaji. Hesabu ilipofungwa mkulima alikuwa bado anadaiwa, na deni hilo lilirithiwa na mwanawe. Aliyekataa alipelekewa wanyapara wenye marungu; ng'ombe wake walikamatwa na yeye mwenyewe akafungiwa katika ghala la kiwanda.

Mwaka 1859 wakulima wa wilaya ya Nadia walikataa kupanda. Miongoni mwa waliowaongoza walikuwa Bishnucharan Biswas na Digambar Biswas wa kijiji cha Chaugacha, watu waliopata kuwa watumishi wa masetla na hivyo kuijua mirija yote kwa ndani. Mgomo ulienea wilaya baada ya wilaya. Wahindu na Waislamu walisimama pamoja, jambo ambalo wakoloni walikuwa wakihubiri kwamba haliwezekani. Baadhi ya mazamindari nao waliwaunga mkono wakulima, ila tusidanganyike: wengi wao walikuwa wakigombea mamlaka na masetla.

Serikali ilikuwa bado inatetemeka kutokana na maasi ya 1857. Mwaka 1860 ikafanya mambo mawili kwa mkono mmoja: ilitunga sheria ya muda ya kuwafunga wakulima waliopokea arubuni wakakataa kupanda, na papo hapo ikaunda tume ya kuchunguza. Tume ilikiri kwamba wakulima walikuwa wakishurutishwa. Mwaka huo huo Dinabandhu Mitra alitoa mchezo wa kuigiza juu ya mateso hayo, uitwao Nil Darpan. Mmisionari James Long, aliyeshughulikia uchapishaji wa tafsiri yake, alifungwa mwezi mmoja na kutozwa faini rupia 1,000 mwaka 1861. Hiyo ndiyo haki ya mahakama za kibeberu: mwenye marungu yuko huru, aliyeyataja yuko jela.

Nili ilififia Bengal, lakini katika Bihar masetla waliendelea. Huko Champaran kila mkulima alitakiwa kupanda nili katika sehemu 3 kati ya 20 za shamba lake. Wajerumani walipoanza kuuza rangi ya viwandani mwaka 1897, bei ya nili ilianguka. Masetla wakataka sasa mkulima alipie kuachiliwa kwake, ama kwa kodi ya juu zaidi ama kwa fedha taslimu!

Vitabu vingi huanzia hapa, Gandhi alipofika Champaran Aprili 1917. Aliyemfuata na kumsihi aende ni mkulima, Raj Kumar Shukla, na maelfu ya watu walijitokeza kutoa ushahidi wao. Gandhi aliamriwa kuondoka. Akakataa, na serikali ikaifuta kesi. Masetla walirudisha robo tu ya fedha walizowatoza wakulima, na sheria ya 1918 ikakomesha kilimo cha lazima cha nili. Wazamindari hawakuguswa na sheria hiyo. Katika Bihar waliondolewa kwa sheria ya 1950, miaka 3 baada ya uhuru.