Kasoro ni ya Nani? Gari la Dizeli kutoka Yokohama hadi Barabara ya Ngong, na Mbele Zaidi

Mikataba mingi ya kuuza gari lililotumika jijini Nairobi ina kifungu kimoja kisichobadilika sana kutoka yadi hadi yadi: gari linauzwa jinsi lilivyo, hapo lilipo. Mnunuzi huyafikia maneno hayo akiwa amechoka kupatana bei, akayapita mbio na kutia sahihi. Mimi nayaona kuwa mazito kuliko bei yenyewe. Yanajibu swali ambalo kila jamii ya wafanyabiashara imelazimika kulijibu: chombo kikiwa na ila ambayo jicho haliioni, nani aibebe?

Kwa gari lolote swali hili ni gumu. Kwa dizeli ni gumu zaidi, kwa sababu thamani yake imefichwa: pampu ya shinikizo la juu, injekta, turbo na, katika magari ya miaka ya karibuni, chujio la kunasa masizi lililo kwenye njia ya moshi. Rangi inaweza kung'aa na viti vikanukia upya huku injekta zikiwa zinakata roho. Mtu anatoka yadi iliyo karibu na Dagoretti Corner akiwa na furaha, na kabla mwezi haujaisha yuko Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, akiuliza bei ya turbo.

Tuanze kule gari linakotoka. Dizeli nyingi zilizofika kwetu zilisukumwa na sheria za wengine. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli, akiwaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki iliyojaa masizi. Kuanzia Oktoba 2003, malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yalipigwa marufuku Tokyo na katika mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa. Sheria ya kitaifa iliyorekebishwa 2001 ilikuwa imekwisha kuyabana hata magari madogo ya dizeli katika miji mikubwa. Chombo kilichokosa makao kule kilikuwa bado na nguvu za kufanya kazi miaka mingi, na soko la nchi zinazoendesha upande wa kushoto lilikipokea. Kisha Mazda ikaleta CX-5 ya dizeli mwaka 2012, safi na yenye nguvu, na baada ya miaka kadhaa gari hilo likaanza kujaa Kilimani na Lavington.

Kenya nayo imeweka vichujio vyake. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ushuru wa bidhaa huiadhibu dizeli mapema kuliko petroli: daraja la juu linaanza injini ya dizeli inapopita sisi 2,500, ilhali la petroli linasubiri hadi 3,000. Ndiyo sababu CX-5 yenye sisi 2,188 inaponea, na Prado ya lita 2.8 hainusuriki. Mafuta pia yamebadilika. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na bila hatua hiyo chujio la masizi lisingeishi hapa hata kidogo. Hata hivyo linateseka. Linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lipate joto la kuchoma masizi yake, na safari ya kila siku kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji, breki kwa breki, haitoi joto hilo.

Japani wamemaliza suala la kasoro kwa kalamu ya mtu wa tatu. Katika minada yao, gari hukaguliwa na mkaguzi wa mnada, ambaye si muuzaji wala mnunuzi, naye huandika karatasi moja yenye mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni rangi iliyorekebishwa ikaacha mawimbi. Juu kuna alama: 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu, R limepata ajali na kutengenezwa. Watu wanatoa zabuni kwa mamilioni ya yeni wakiiamini karatasi hiyo, wengi wao bila kuligusa gari. Ninauheshimu utaratibu huu kwa dhati, kwa sababu umeifanya aibu ya chombo kuwa jambo la wazi lisilomvunjia mtu heshima. Gari la alama ya R linauzwa kama R, kwa bei ya R, na hakuna aliyedanganywa.

Lakini karatasi hiyo haivuki bahari kirahisi. Gari linateremka Mombasa likiwa na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, ambacho kinathibitisha kwamba linafaa kuingia nchini. Karatasi ya mnada, iliyoandikwa kwa Kijapani, mara nyingi hubaki katika simu ya ajenti. Likifika Barabara ya Ngong, gari la R na gari la 4.5 yanasimama bega kwa bega yakiwa yameoshwa kwa sabuni ileile.

Hapo linaingia mikononi mwa sheria yenye asili ya Uingereza. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imefuata kwa karibu ile ya Waingereza ya 1893, na msimamo wake wa msingi ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kifungu cha 16 kinaweka nafuu mbili tatu: ukimweleza mfanyabiashara shughuli unayotaka kuifanya na kutegemea ujuzi wake, au ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayeuza bidhaa za aina hiyo, ubora unahesabiwa kuwa umeahidiwa. Anayenunua kwa mtu binafsi, aliyeegesha gari nje ya duka akabandika namba ya simu kwenye kioo, karibu hana cha kushika. Kisha kuna kijisehemu ambacho wanunuzi wachache wanakijua: ukilikagua gari, ubora ulioahidiwa hauhusu tena kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua.

Tazama uzito wa jambo hilo. Desturi ya Nairobi ni kwenda na fundi. Ni desturi nzuri, nami nisingemshauri mtu yeyote aende peke yake. Fundi hodari wa dizeli hufika asubuhi, na kabla ya kitu kingine chochote huweka kiganja juu ya injini kuhakikisha ni baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Hufungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma, aone kama inapumua moshi. Husoma rangi ya moshi: mweusi, wa buluu, mweupe. Huchomeka mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Yote hayo yanamsaidia mnunuzi kuamua. Likiharibika na kesi ikaenda mahakamani, wakili wa yadi atasema: uliliangalia, tena ukiwa na mtaalamu. Ule uangalifu wako unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yako.

Pwani kuna mapokeo yaliyoanzia upande wa pili kabisa. Katika fikihi ya Kiislamu, iliyosomeshwa kwa vizazi katika madrasa za Lamu, Mombasa na Zanzibar, mzigo wa kwanza uko kwenye ulimi wa muuzaji. Inasimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione. Mkono ule ndani ya nafaka na kiganja cha fundi juu ya injini vinafanya kazi moja, ila hukumu inaangukia watu tofauti: Nairobi asiyeingiza mkono ndiye mzembe, na pale sokoni aliyefunika unyevu ndiye mkosaji.

Kuna pia suala la ngamia au mbuzi aliyeachwa bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa tele. Mnunuzi anapewa hiari ya kumrudisha, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Sijui mfano wa kale unaofanana zaidi na mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma. Hakuna neno la uongo lililotamkwa katika biashara ile. Ni kiwele tu kilichodanganya.

Wanazuoni wenyewe hawakukubaliana, na hapa ndipo ulinganisho unaponinogea zaidi. Je, muuzaji anaweza kusema “nauza jinsi alivyo, sidaiwi kwa ila yoyote”? Mahanafi, ambao madhehebu yao yalifika Nairobi pamoja na Waislamu wa Punjab waliojenga Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, wanalikubali sharti hilo, hata kwa ila isiyojulikana. Mashafii, ambao ndio wengi pwani na miongoni mwa Wasomali wa Eastleigh, wanalibana mno. Katika Minhaj, kitabu cha fikihi yao cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamwokoa muuzaji kwa jambo moja tu: ila ya ndani, ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na mwenyewe anaweza asijue. Nguo au nyumba haina udhuru huo.

Basi injini ya dizeli ni mnyama au ni nyumba? Nimelifikiria sana swali hili. Dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, kama ile ya Land Cruiser iliyozoeleka kwa mashirika na safari za mbuga, ilikaribia kuwa mnyama: inakula, inanguruma, na ugonjwa wake unaweza kumfika mwenyewe kwa ghafla. Dizeli ya leo inajiandikia. Kompyuta yake hutunza hitilafu na hali ya chujio, na mwenye yadi anaweza kuisoma kwa dakika chache. Anayeweza kujua kwa urahisi namna hiyo hana haki ya udhuru wa mwenye ngamia. Kwa gari la kisasa, nadhani Mashafii ndio waliopata.

Tatizo ni kwamba mapokeo haya hayana hakimu Nairobi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inaikabidhi Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Mauzo hayamo. Hiari ya kurudisha imebaki katika dhamiri ya mfanyabiashara.

Gari halisimami hapa daima. Mengine yanaendelea kupitia Malaba na Kampala hadi Goma, ambako watu huendesha upande wa kulia na bado usukani wa kulia ni jambo la kawaida barabarani. Huko sheria ni nyingine tena. Kongo inafuata amri ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, mtoto wa sheria ya Kibelgiji na mjukuu wa Roma, ambako maafisa wa soko waliwalazimisha wauza watumwa na wanyama wa kazi kutangaza maradhi ya walichokiuza. Muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika hata kama hakuijua. Gari lilelile, injekta ileile mbovu, na mwenye kubeba mzigo amebadilika kwa kuvuka mipaka miwili. Kama mnunuzi wa Goma anaweza kulitumia dai hilo ni jambo jingine, lakini kanuni iko upande wake.

Wapo pia wanaonunua gari Nairobi ili waondoke nalo mbali. Kwa miaka mingi wasafiri wa mataifa walikutana Jungle Junction, iliyokuwa Lavington kabla ya kuhamia Karen, wakiuziana Land Rover na Land Cruiser za dizeli na kupanga njia. Njia ya kaskazini kupitia Sudan imevurugwa na vita vilivyoanza Aprili 2023. Wengi sasa huelekea kusini, au hupakia gari melini Mombasa. Anayehitaji kaneti, hati ya kuvusha gari mipakani bila kulipa ushuru, kwa mfano ili aingie Misri, huiomba kwa chama cha magari cha AA Kenya na kuweka dhamana ya fedha au ya benki: gari litatoka katika kila nchi litakayoingia, la sivyo ushuru utalipwa. Nikilinganisha, naona serikali zimejilinda vizuri kuliko wanunuzi wao. Forodha inadai mdhamini kabla gari halijagusa ardhi yake, na anayetoa akiba ya maisha yake haambiwi hata alama ya mnada.

Kwa anayelipeleka Uingereza, maana ya kasoro yenyewe inageuka. Mafundi wengine wa hapa hulitoa chujio la masizi lililoziba, gari likapumua tena na mwenye gari akashukuru. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na chujio hilo likikutwa halina, linaanguka ukaguzi wa kila mwaka. Fikihi husema ila ni kile kinachopunguza thamani kwa desturi ya wafanyabiashara. Grogan wangesema gari limetibiwa, London wangesema limeharibiwa. Na moshi wa gari hilo anaouvuta mtoto anayevuka barabara Kawangware haupungui kwa sababu desturi yetu imeukubali.

Kenya haihitaji kuagiza sheria mpya kutoka ng'ambo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamhesabu mfanyabiashara kuwa amedhamini ubora wa bidhaa anayouza. Kinachokosekana ni karatasi, na karatasi ipo. Uhamisho wa umiliki tayari hufanyika kupitia eCitizen. Karatasi ya mnada ikiwekwa hapo pamoja na tafsiri yake, na matokeo ya kompyuta ya gari yakiongezwa siku ya mauzo, yadi itakuwa imesema kilichomo. Kifungu cha “jinsi lilivyo” kiruhusiwe tu pale ambapo “lilivyo” limeandikwa. Atakayeficha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inapaswa kuamua ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Turbo ya CX-5 na injekta zake nne zinaingia ndani ya kiwango hicho.