Kasuku wa Maniema: ni nani aliyemfundisha kusema?



Juma lililopita mama mmoja, aliyefika Kindu na watoto wake kwa kukimbia vita vya Kivu, aliniuliza: "Papa, hapa kwenu mnafanyaje mpaka kasuku anasema?" Kijana mmoja aliwaletea watoto wake kinda la kasuku, na watoto wanaliimbia kutwa nzima, lenyewe kimya. Nilimwambia jibu lipo, lakini lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa kwetu.

Mji wetu una komine tatu: Alunguli, Kasuku na Mikelenge. Basi jina la ndege huyu tunalitaja kila siku, hata kwenye karatasi za serikali. Mwenyewe, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ni mwenyeji wa misitu ya Lualaba na Lomami. Anakula ngazi na matunda ya porini, na jioni wanarudi kulala kwa makundi, kwa makelele ambayo kila mzee wa huku anayajua.

Kiswahili tunachosema kilifika na misafara ya pembe za ndovu, zama za Tippu Tip, wakati Nyangwe na Kasongo yalikuwa masoko makubwa. Pembe na watu waliofungwa walikwenda pwani kwa miguu. Baadaye, chini ya Wabelgiji, reli ya kusini ikakutana na mto hapa Kindu. Tangu zamani, basi, mji huu ni mlango wa vitu vinavyotoka msituni. Kasuku akawa mmoja wao, naye safari yake ikawa ya angani: ndege kapandishwa ndege, kwenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa kwenda ng'ambo.

Anakamatwaje? Wengine hupanda mti na kutoa makinda kwenye shimo. Wengine hutumia ulimbo. Kasuku aliyekwisha kukamatwa anafungwa juu mtini, na matawi yanapakwa ulimbo. Yeye anaita. Wenzake wakipita wanasikia sauti ya ndugu, wanashuka, wananasa. Hakuna aliyemfundisha kuita hivyo. Kwa hiyo siri ya kasuku kusema waliijua wawindaji kabla ya wataalamu wa Ulaya: huyu ni kiumbe wa kundi, na sauti ndiyo kamba inayomfunga na wenzake.

Msituni kasuku hasemi maneno yetu. Hana haja nayo. Anajifunza milio ya kundi lake, kama mtoto anavyojifunza lugha ya nyumbani. Mtoe kundini, mweke peke yake penye watu, na watu ndio wanakuwa kundi. Ndiyo maana neno la kwanza mara nyingi ni jina la mtoto anayeitwa-itwa sana na mama yake. Mimi namjua mmoja anayekohoa kama mzee wa nyumba ile, mpaka wageni wanampa pole.

Mwaka 1977, huko Marekani, mtaalamu Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu dukani Chicago, akamwita Alex. Hakumrudishia neno moja mara mia. Watu wawili walikaa mbele yake: mmoja anaonyesha kitu na kuuliza, mwingine anajibu, akijibu vizuri anapewa kitu chenyewe. Kasuku anaangalia, anaona wivu, naye anataka kuingia katika mazungumzo. Alex alifika kujua maneno zaidi ya 100, rangi, na kuhesabu mpaka sita. Alikufa 2007, akiwa na miaka 31.

Habari hizo zilimpa kasuku sifa, na sifa inaleta wanunuzi. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya 1992. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango 2005, na kuufunga kabisa 2007. Biashara ikatafuta masoko mengine. Kongo ilikuwa na ruhusa ya kuuza kasuku 5.000 kwa mwaka, na katika hesabu hiyo hawamo waliokufa njiani, ndani ya masanduku. Nchini Ghana zaidi ya 90 kwa mia wamekwisha tangu 1992. Mwishoni mwa 2016, mkutano wa CITES huko Johannesburg ulikataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Mwaka huohuo wa 2016 ndipo ilipoundwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, Maniema na Tshopo.

Nilimweleza mama yote haya, na njia ya watu wawili pia, maana aliuliza na ana haki ya kujibiwa. Nikamwambia vilevile kwamba kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na akiachwa peke yake hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na kurudi, anaweza?"

Anaweza. Hapa hapa Kindu wamewahi kutunzwa kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Manyoya ya mabawa yaliyokatwa hayaongezeki urefu. Lazima yadondoke, yaote mapya, na hiyo ni kazi ya miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wanakaa pamoja, si mmoja mmoja, ili wasikie tena milio ya wenzao. Wanaokawia zaidi ni wale waliozoea watu: unafungua mlango, wenzao wanaruka, wao wanabaki wanakuangalia wewe.