Jumba la Sinema la Majestic na Mipaka ya Burudani Nchini Tanzania

Jumba la sinema, yaani ukumbi wa kudumu uliojengwa mahususi kwa kuonyesha filamu, lilianzia pwani na kuingia bara kwa kufuata zaidi reli na miji ya biashara.

Kumbukumbu nzito zaidi za majumba hayo ziko Zanzibar, mtaa wa Vuga, ambako jumba la Royal, lililosanifiwa na ofisa wa Kiingereza John Sinclair, lilifunguliwa mwaka 1921. Baada ya jengo hilo kuteketea kwa moto, mahali pake palisimama Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Filamu za Kihindi, hasa Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilipendwa mno na watazamaji wengi wasiojua Kihindi, na wanawake walitengewa maonyesho yao peke yao, jambo linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko usanifu wa kuta, kwa maana liliwapa nafasi halali ya kukutana hadharani.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na baadaye kanda za video zikaihamishia filamu sebuleni. Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya televisheni mwaka 1994, biashara ya majumba hayo ilikuwa imekwisha kudhoofika, na Majestic nalo likafungwa, paa lake likaachwa kuporomoka.